Sentensi Ambayo Sikuiandika

Mimi ni mtu wa mashaka, sifichi. Muuza duka akinichekea, naangalia mizani. Mume wangu ananiita Bi Mashaka. Mimi namwita Mwalimu, si kwa sababu aliwahi kushika chaki, bali kwa sababu hawezi kupita mbele ya kibao cha saluni kilichoandikwa vibaya bila kusimama na kukisahihisha kwa sauti, wenyewe wakisikia. Ndivyo tulivyopendana. Wengine hupelekeana maua, sisi tulipelekeana makosa ya magazeti.

Kazi yetu ni moja, kutafsiri, lakini hatukuwa tukiifanya pamoja. Yeye aliniambia anatafsiri mikataba ya bima. Mimi natafsiri karatasi za maelezo, zile zilizokunjwakunjwa ndani ya boksi la dawa ambazo watu wengi huzitupa kabla hawajameza kidonge cha kwanza. Watengenezaji wako mbali, dawa zao zinauzwa dunia nzima, na kila zinakofika lazima zizungumze na watu wa huko kwa lugha yao. Kampuni inayonipa kazi huikata vipande vipande na kumpa kila mtu chake. Kuna siku napata maelezo ya dawa nzima, na kuna siku napata aya chache tu za kitu ambacho sitakitia machoni kamwe. Hakuna kuuliza. Unatafsiri ulichopewa, unarudisha.

Sebuleni kwetu kuna meza mbili. Yake inaelekea ukuta wa jikoni, yangu inaelekea dirisha, kwa hiyo tunapeana migongo. Hilo ni sharti la nyumba. Kila mmoja ametia saini mkataba wa siri na watu wake, na hakuna anayemuuliza mwenzake leo una nini mezani. Tukiinuka kunyoosha mgongo tunaongea habari za mvua, bei ya nyanya, na dada yake Mwalimu ambaye hakosi jambo.

Sasa, kwenye dawa neno la mtafsiri peke yake haliaminiki, na mimi nasema ni haki lisiaminike. Nikimaliza, Kiswahili changu kinapelekwa kwa mtu wa pili ambaye haruhusiwi kuona maandishi ya asili. Anasoma changu tu, kisha anakirudisha kwenye lugha kilikotoka. Halafu Mratibu, mwanamke wa kampuni ninayemjua kwa sauti ya simu, anaweka ya asili na ya kurudishwa ubavu kwa ubavu. Zikifanana, salama. Zikipishana, kuna mahali nimeteleza, tunatafuta ni wapi. Huyo mtu wa pili tunamwita Mrejeshaji. Simjui, hanijui, na hatutakiwi kujuana. Yupo kwa ajili ya kunifichua tu, kwa sababu nikikosea na asinifichue, kuna mtu ataimeza hiyo tafsiri yangu pamoja na dawa.

Kwa muda mrefu hakunifichua. Nilijiona mjuzi.

Mambo yalianza na dawa ya kikohozi ya watoto. Nilikuwa nimeshaimaliza, Mrejeshaji ameshairudisha, Mratibu ameshaniletea nakala niisome kwa mara ya mwisho, na kila kitu kilikuwa shwari. Nikafungua Kiswahili changu kutafuta neno nililolitumia mahali fulani, nikaona nimeruka sentensi. Sentensi nzima. Ile ya asili ilisema mtoto mwenye pumu asipewe dawa hii kabla ya kuonwa na daktari. Kwangu haikuwepo. Jicho lilikuwa limeshuka mstari mmoja, jambo linalompata kila mtafsiri aliyechoka.

Nikarudi kwenye nakala ya Mrejeshaji. Mle sentensi ilikuwepo, imekaa mahali pake, haina wasiwasi.

Nilisoma tena na tena. Kwanza nilishukuru Mungu. Kisha shukrani ikaniishia, maana mtu hawezi kurudisha alichokuwa hajapelekewa. Mtu aliyesoma Kiswahili changu tu asingejua kwamba duniani kuna mtoto mwenye pumu. Aliyeiandika sentensi ile alikuwa ameyaona maandishi ya asili.

Niliirudisha sentensi yangu mahali pake, nikamwandikia Mratibu kwamba nimeboresha kidogo aya ya tatu, na kuanzia hapo usingizi wangu ukawa wa kuku.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Mratibu mwenyewe. Niliwaza kwamba pengine anampa Mrejeshaji maandishi ya asili chini ya meza ili kazi zipite haraka naye asifiwe na wakubwa. Nikampigia simu kwa kisingizio cha kuuliza ratiba.

"Huyu Mrejeshaji wetu," nikasema, "ni mtu wa aina gani?"

"Dada, unajua siwezi kukwambia," akajibu akicheka. "Ila nakwambia hivi, nyie wawili ndio raha yangu. Wengine nikiwalinganisha hapa ni vita mpaka jioni. Zenu zinalala pamoja kama mashuka."

"Na hujawahi kumtumia ya asili kwa bahati mbaya?"

Kicheko kikakatika. "Ya asili tunayo mimi na wewe tu. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nauliza tu."

Mimi na wewe tu. Nilikaa na maneno hayo kifuani siku kadhaa. Mratibu hakuwa na sauti ya mwongo, na sauti za waongo nazijua, nimekulia nyumba ya mashangazi wengi. Kama si yeye, basi ilikuwa imetoka kwangu. Na kwangu maana yake ni ile kompyuta iliyo mezani, inayoelekea dirisha, katika nyumba yenye watu wawili.

Ndipo nikaanza kukiangalia kiti changu. Mimi ni mfupi. Kiti changu nakishusha mpaka mwisho ndipo miguu ifike chini. Asubuhi moja nilitoka kuoga, nikaketi, miguu ikaning'inia. Nikakishusha, nikaendelea na kazi. Kesho yake nilikwenda sokoni, na niliporudi nikakuta kimepanda tena. Nyuma yangu Mwalimu alikuwa akibofya taratibu, na shingo yake ndefu imeinama, picha kamili ya mtu wa mikataba ya bima.

Kikulacho ki nguoni mwako, mama yangu alipenda kusema, tena alisema kabla hata sijaolewa.

Bado sikuwa nimeunganisha. Nilidhani anachungulia. Nilidhani labda anatafuta dalili za mwanaume mwingine katika barua zangu, na nusura nicheke, maana mwanaume wa kubeba mashaka yangu alikuwa mmoja tu na nilikuwa naye tayari. Lakini nilibadilisha neno la siri la kompyuta, na kila nilipoinuka niliifunga, hata nikienda kuzima jiko.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya dawa ya tumbo. Ile nakala ya Mrejeshaji iliporudi, sikuamini. Yule mtu wa mashuka alikuwa amebabaika. Mahali nilipoandika kwa kuzunguka alizunguka nami, palipokuwa na utata alishika upande usio wenyewe, na chini aliacha maswali mekundu: hapa mtafsiri amekusudia nini? Mratibu akapiga simu, safari hii bila kicheko.

"Dada, leo mmepatwa na nini nyie wawili?"

Nikamwambia nitarekebisha. Jioni ile Mwalimu alikula kidogo, akasukuma sahani. Akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, "Mbona siku hizi unaifunga kompyuta yako?"

"Mashaka tu," nikasema. "Si unanijua."

Akatabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali. Nikamtazama yule mwanaume niliyelala naye miaka yote ile, nikaona kwamba hakukuwa na mikataba yoyote ya bima. Mrejeshaji alikuwa ameketi mbele yangu na anachokonoa meno.

Mtu mwingine angemuuliza palepale. Mimi namjua Mwalimu. Kosa la kinywani hulikana, hulizungusha, hulitafutia kanuni, na mwishowe wewe ndiye unayeomba radhi. Kosa la maandishi ndilo pekee analokubali. Kwa hiyo niliamua kumpa maandishi.

Ilikuja kazi ndogo, aya chache tu. Maelezo ya matone ya macho kwa watu wanaovaa lenzi, vile vioo laini vinavyobandikwa juu ya mboni badala ya miwani. Fungua chupa yenye kifuniko cheupe. Inamisha kichwa nyuma. Dondosha matone mawili katika kila jicho. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye kipande changu, na si zaidi ya hayo. Nikatafsiri vizuri, nikahakiki, kisha kwa makusudi nikaliondoa neno cheupe na kuandika chekundu. Nilichagua nyekundu kwa sababu haiko karibu na nyeupe, hakuna atakayesema ni kidole kimeteleza. Na nilichagua kifuniko kwa sababu niliona hakina madhara. Kifuniko ni kifuniko. Mgonjwa akikuta cheupe atasema hawa watafsiri wamelewa, atakifungua hichohicho. Isitoshe nakala ingepita kwangu kabla ya kuchapwa, kama kawaida, nami ningeisahihisha.

Nikatuma kazi. Nikaiacha kompyuta wazi, kiti nikakishusha mpaka mwisho, nikamwambia Mwalimu naenda kuoga. Nikafungua maji yakamwagika bure, nikasimama nyuma ya mlango wa bafu na nguo zangu mwilini. Nikasikia kiti changu kikipanda, kile kisauti chake cha kupumua.

Siku mbili tatu zikapita kimya. Kisha asubuhi moja, Mwalimu akiwa ameketi mezani kwake, barua ya Mratibu ikaingia. Dada, aliandika, mmerudi kwenye hali yenu, hongereni. Imelala pamoja bila kunyanzi, kwa hiyo sikuona haja ya kukusumbua na hatua ya mwisho, nimeipeleka moja kwa moja kwa wachapaji. Nakuambatishia nakala ya Mrejeshaji na picha ya boksi ufurahi nawe.

Nilifungua kwanza nakala ya Mrejeshaji. Kifuniko cheupe. Basi nikawa nimempata, na nakiri nilifurahi, furaha chafu ya mtu aliyeambiwa kila siku kwamba anawaza mabaya na leo mabaya yamejitokeza yenyewe.

Kisha nikafungua picha ya boksi.

Ndani ya boksi kulikuwa na chupa mbili. Moja ndogo, kifuniko cheupe, matone ya kulainisha macho. Ya pili kubwa kidogo, na hii haikuwa katika kipande changu, alipewa mtafsiri mwingine nisiyemjua. Ilikuwa dawa ya kusafishia lenzi zikiwa ndani ya kikopo, na ubavuni iliandikwa kwa herufi nene kwamba isiguse jicho kwa namna yoyote, inaunguza. Kifuniko chake kilikuwa chekundu. Watengenezaji waliupaka wekundu huo makusudi ili kuonya. Na karatasi yangu, iliyokwisha kupangwa vizuri na mchoro wa mtu aliyeinamisha kichwa, ilimwambia msomaji afungue chupa yenye kifuniko chekundu na adondoshe matone mawili katika kila jicho.

Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Hapo nilielewa ni nani hao wasiokuwemo.

Niliinuka, nikakivuta kiti changu mpaka kwenye meza yake, nikaketi karibu naye kwa mara ya kwanza tangu tuziweke meza zile. Nikaiweka kompyuta mbele yake.

"Soma Kiswahili changu," nikasema.

Akasoma. Nilimwona alipofika kwenye kifuniko. Macho yake hayakushtuka, na hilo ndilo lililonikata maini. Alikuwa ameshaliona siku ile.

"Uliandika chekundu," akasema polepole. "Nikajua umechoka. Ya asili ilisema cheupe, nikaandika cheupe."

"Ya asili umeionea wapi, mikataba ya bima?"

Akavua miwani. Hakuizungusha, hakuitafutia kanuni. "Nilijua ni wewe tangu kazi ya kwanza waliyonipa. Sentensi ya kwanza tu. Nani mwingine anaandika 'tafadhali usisahau' kwenye dawa ya minyoo? Nilitaka kuwaambia wampe mtu mwingine. Halafu nikaona mahali umekosea. Kidogo tu, kipimo cha kijiko. Nikawaza, nikikirudisha hivi, watamwita, watamhoji, na yeye alivyo, hatalala wiki nzima. Nikaandika ilivyotakiwa kuwa."

"Na kijiko changu?"

"Kijiko gani?"

"Kile nilichokikosea kwa Kiswahili. Ulikisahihisha kwenye nakala yako. Kwenye yangu nani alikisahihisha?"

Akaipangusa miwani kwa ncha ya shati.

"Nilikuwa nakusitiri," akasema. "Wewe ni mke wangu. Ningekuanika?"

Nampenda mume wangu, na wakati ule nilitaka kumpiga na kiti. Miaka yote nilikuwa nikimtafutia ubaya mtu aliyekuwa akinionea huruma, na ile huruma ilikuwa mbaya kuliko kila ubaya niliouwaza. Nilihisi aibu pia, aibu ya mtu anayeambiwa kwamba ule ujuzi wake aliojivunia ulikuwa blanketi la mwenzake.

"Kazi uliyopewa ni kunianika," nikamwambia. "Ulilipwa kwa kunianika. Ukanifunika mimi, na watu ndio waliobaki wazi."

"Nilidhani utaona mwenyewe. Huwa unasoma tena kabla ya kuchapwa."

"Nasoma nikionyeshwa mahali pa kusoma. Ikija safi naisoma nini?"

Hapo nikachukua simu. Akanishika mkono, si kwa nguvu.

"Subiri kidogo. Andika tu barua, sema umegundua kosa la rangi. Likirekebishwa limekwisha. Ukiwaambia habari zangu, hatutapata kazi tena, si mimi si wewe, si kwao si kwa wengine. Hawa watu wanaambiana. Tutaishi kwa kusahihisha vibao vya saluni?"

Alikuwa akisema kweli. Barua moja ya upole kuhusu rangi, na nyumba yetu ingebaki ilivyo, meza mbili na migongo miwili. Nilifikiri hivyo kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Kisha nikamfikiria mwanamke nisiyemjua, ameinamisha kichwa nyuma kama kwenye mchoro, anafuata maagizo yangu neno kwa neno kwa sababu yeye, tofauti na mimi, anaamini kilichoandikwa.

Nikatoa mkono wake, nikapiga, nikaweka sauti ya wazi ili naye asikie.

"Dada," Mratibu akasema kwa uchangamfu, "umeiona picha? Imependeza eh?"

"Wasimamishe wachapaji. Sasa hivi. Kifuniko ni cheupe, mimi nimeandika chekundu, na niliandika makusudi."

Nikasikia akimwita mtu, akisema simamisheni, simamisheni kwanza, nitaeleza. Aliporudi, pumzi zake zilikuwa juu. "Makusudi? Na Mrejeshaji asione?"

"Mrejeshaji ni mume wangu. Amekuwa akisoma ya asili kwenye kompyuta yangu. Kila nilipokosea, alirudisha kama sijakosea."

Nilitegemea atukane, au alie. Badala yake alianza kuongea kwa sauti ndogo, kama anajiongelesha. "Mimi niliwaambia wakubwa kwamba nyie wawili ni safi kuliko wote. Ndiyo maana kwenye kazi zenu tulimwondoa mhakiki wa mwisho. Zinatoka kwenu, zinapita kwangu, zinakwenda kwenye maboksi. Dada, maboksi yale yako madukani. Dawa za minyoo, za pumu, za presha." Nikasikia akivuta karatasi. "Haya. Mume wako yupo hapo?"

"Yupo, anakusikia."

"Shemeji, nisikilize. Sitaki kujua kwa nini. Nitajie alipokosea. Kila mahali ulipomrekebishia, dawa gani, aya gani. Nitazirudisha zote, hata kama ni usiku na mchana. We nitajie tu."

Nikamgeukia. Huyu ndiye mtu anayekumbuka kosa la kibao alichokiona tukiwa wachumba. Nikaona midomo yake ikitafuta, macho yakikimbia juu ukutani kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Mratibu akaita tena, shemeji, shemeji, upo?

"Nipo," Mwalimu akasema. "Yalikuwa mengi. Nilikuwa nikiyasahihisha nayasahau."